Kulala Ndiyo Kazi

Tangu afike Kolbrook, Nebraska, Setou Bagayoko alikuwa akilala miguu yake ikiwa safarini. Kichwa na kiwiliwili vilikaa kitandani kama vya watu wengine, lakini kuanzia katikati ya muundi miguu ilivuka ukingo wa godoro na kutua juu ya sanduku lake la nguo, ambalo kila jioni alilisogeza pale kama mtu anayemtandikia mgeni. Alikuwa na futi sita na inchi sita. Chuo kilimtoa Bamako kwa ajili ya urefu huo, kikamvika jezi ya timu ya mpira wa kikapu ya wanawake, kikabandika sura yake ubavuni mwa mabasi ya mji, na mpaka anaingia mwaka wa nne hakuna mtu pale chuoni aliyewaza kumtafutia kitanda.

Aliyewaza alikuwa muuza magodoro.

Mzee Duane Hruska alikuwa na duka kubwa kwenye barabara ya kutokea mjini, na kiti cha kudumu uwanjani, nyuma kabisa ya benchi la timu, mahali ambapo kocha alimsikia vizuri kuliko alivyopenda. Siku moja baada ya mazoezi akamvizia Setou mlangoni.

"Binti, nasikia unalala miguu nje kama ngazi kwenye gari la fundi rangi."

"Nani kakwambia?"

"Nani hajui? Sasa sikiliza. Nina godoro la futi nane. Wewe lala juu yake, nyoosha miguu, tabasamu. Mimi nitasema maneno matatu: 'Hata yeye anaenea.' Basi. Dakika moja tu, nikulipe vizuri."

Setou hakumwuliza kiasi gani. Alimwuliza kama malipo yanaweza kuwa tikiti ya ndege, Bamako mpaka Omaha, kwenda na kurudi, ya mwanamke mmoja mwenye nyonga mbovu ambaye hawezi kukaa kiti cha katikati.

Kwa maana kila mwaka, kabla ya mechi ya mwisho ya nyumbani, Kolbrook ilikuwa na usiku wa kuwaaga wanaomaliza. Taa zinazimwa, jina linatangazwa, na mchezaji anatoka gizani ameshikana mkono na wazazi wake mpaka katikati ya uwanja, akapewe maua huku watu wakilia na kula bisi. Setou alishaushuhudia usiku huo mara tatu. Wasichana wa kutoka mbali, ambao wazazi wao hawakuweza kufika, waliazimwa wazazi. Mwaka jana yule wa Latvia alisindikizwa na daktari wa meno wa timu. Daktari alikuwa mtu mwema, lakini pale katikati, mbele ya kamera, alionekana kama anamsindikiza msichana kwenda kung'olewa gego. Setou akaapa: yeye hatashikwa mkono na mtu ambaye hakumzaa.

Na mama yake, Mama Assa, viza alishaipata. Alikwenda ubalozini, akarudishwa, akaenda tena na baibui ya kuazima na hati ya kiwanja, akapewa. Kilichobaki ni tikiti tu. Mama Assa alichovya rangi vitambaa vya bazini, vile vya kung'aa vya sherehe, kwenye uga wao pale Bamako, mikono yake ya buluu mpaka viwikoni, na kazi ile humlisha mtu, haimrushi.

"Hapana," alisema Bi Lorna Pfeiffer wa ofisi ya wanafunzi wageni, hata kabla Setou hajakaa. Alikuwa mama mnene mpole, mwenye bakuli la peremende mezani kwa ajili ya kuwapoza watu anaowaambia hapana. "Umekuja kwa viza ya masomo. Huruhusiwi kufanya kazi ya kulipwa nje ya chuo. Si kwa pesa, si kwa tikiti, si hata kwa dawa ya mswaki."

"Wenzangu wote wanafanya. Brylee anatangaza duka la piza."

"Brylee kazaliwa hapa."

"Bi Lorna, mimi kila siku nakimbia mpaka natapika. Mwaka jana nimevunjwa pua. Hiyo si kazi?"

"Hiyo ni michezo, mpenzi. Ni sehemu ya masomo."

"Na nikilala kwenye godoro la Mzee Hruska?"

Bi Lorna akahema. "Hiyo ni kazi."

"Kwa hiyo kukimbia si kazi. Kulala ndiyo kazi."

"Usinichekeshe, Setou. Sheria sikuitunga mimi. Chukua peremende." Akamsogezea bakuli, na kwa kuwa moyo wake ulikuwa laini kuliko ofisi yake, akaongeza kwa sauti ya chini. "Lakini sheria hii inakubana ukiwa ndani ya nchi. Ukiwa nje, hayo ni mambo yako na huko uliko. Wasichana wa vyuo vingine timu ikienda visiwani kwenye mashindano ya mwezi wa kumi na moja, matangazo yote wanapiga huko huko. Wanashuka uwanja wa ndege na suti ya kuogelea ndani ya jezi. Ukipata nafasi hiyo, nenda. Ila niletee muhuri kwenye pasipoti, nione kwamba kweli ulitoka."

Haikupita hata wiki, kocha akatangaza kwamba timu imealikwa kwenye mashindano ya kisiwa cha Mtakatifu Thomas, katika bahari ya Karibi.

Setou alimpigia Bi Lorna palepale. "Tunakwenda visiwani!"

"Si nilikwambia? Hongera!"

Akampigia Mzee Hruska. Mzee akapiga meza mpaka simu ikaruka. Godoro likafungwa kwenye kontena, likapelekwa Florida, likapakiwa melini. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kisiwa chenyewe ni cha nani. Mtu wa Nebraska akishaona mnazi kwenye picha, kwake yuko ng'ambo.

Aliyefurahi zaidi ya wote alikuwa Brylee Schaaf, aliyelala kitanda cha pili chumbani kwa Setou na kucheza namba moja uwanjani, mgawa mipira wa timu. Brylee alikuwa mfupi, mwepesi na mwenye mdomo. Kwao magharibi ya Nebraska wanalima maharage, mashamba mpaka upeo wa macho. Setou alipojua hilo mwaka wa kwanza alicheka mpaka akakaa sakafuni, kwa maana kwao Mali wapo watani wanaoitwa Coulibaly, na tusi la kumtania Coulibaly ni moja tu tangu enzi za mababu: mla maharage. Siku hiyohiyo akampa Brylee ukoo huo, apate wa kumtukana kwa haki. Akamfundisha na salamu za kwao, zile ndefu za hujambo wewe, hujambo mumeo, wazima watoto, wazima wa nyumba ya jirani, na kila swali jibu lake "amani tupu." Brylee alizishika upesi. Alikuwa akimsalimia Setou hivyo asubuhi, akiwa na mswaki mdomoni.

"Mnara," alisema Brylee ndani ya ndege, "mama yako akija nitampikia nini?"

"Wewe unajua kupika nini, mla maharage?"

"Maharage."

"Basi umeshajibu."

Kisiwa kilikuwa kama kwenye picha. Vilima vya kijani, maji ya rangi ambayo Mama Assa angeitafuta mwezi mzima kwenye pipa lake asiipate, na magari yakipita kushoto mwa barabara, jambo lililowafanya wasichana wote wapige kelele kwenye dirisha la ndege kabla haijasimama. Setou alishuka pasipoti mkononi. Alitembea na umati, akapita mlango, akapita mwingine, akajikuta kwenye ukumbi wa mizigo ambako mama mmoja mwenye kilemba cha madrasi, kitambaa cha mirabamiraba, alikuwa akiwagawia abiria ramu kwenye vikombe vidogo. Hapakuwa na foleni. Hapakuwa na afisa wala kidirisha. Akarudi nyuma, akachungulia. Akaja tena.

"Shikamoo, mama. Muhuri wanagonga wapi?"

"Muhuri wa nini, mwanangu?"

"Wa kuingia nchini."

"Nchi gani?"

"Hii."

Yule mama akaweka chupa chini, amtazame vizuri, na ilibidi ainue shingo. "Umetoka wapi?"

"Nebraska."

"Basi umetoka Marekani, umefika Marekani. Atakugongea nani muhuri, mimi? Walitununua kwa Wadenmark, bibi yangu akiwa kigoli. Hakuulizwa yeye, wala sikuulizwa mimi."

"Lakini magari yanapita kushoto!"

"Hayo tuliyakuta," alisema yule mama, akamjazia kikombe. "Kunywa, mwanangu. Naona unakihitaji."

Setou hakunywa. Alisimama pale na pasipoti yake imefunguliwa kwenye ukurasa mweupe, kama mtu aliyenyoosha sahani kwenye msiba ambako chakula kimekwisha.

Mzee Hruska alikuwa ametangulia siku mbili. Setou na Brylee walimkuta ufukweni nyuma ya hoteli, suruali imekunjwa mpaka magotini, miguu myeupe kama mishumaa, anamwelekeza mpiga picha. Kitanda kilikuwa kimeshasimamishwa kwenye mchanga. Godoro la futi nane, mashuka meupe, mito minne. Watalii walikuwa wakipiga nacho picha.

"Binti! Njoo uone ufalme wako!"

Setou akamwambia. Mzee akacheka kwanza, halafu akaacha.

"Haiwezekani. Magari yanapita kushoto."

"Nilisema hivyo hivyo."

"Nimekula konokono wa baharini jana! Nebraska kuna konokono wa baharini?"

"Mzee, huyo konokono ulimlipia kwa pesa gani?"

Mzee Hruska akafungua mdomo. Ilikuwa dola. Akaufunga.

Wakampigia Bi Lorna, simu ikawekwa spika juu ya mto. Walimweleza. Upande wa pili ikasikika kompyuta ikibonyezwa.

"Kisiwa gani mlisema?"

"Mtakatifu Thomas."

"Ee Mungu wangu," alisema Bi Lorna. "Mliniambia visiwani!"

"Na wewe ulisema hongera!"

"Nilidhani Bahama! Kila mtu anakwenda Bahama! Setou, mpenzi, usilale kwenye kitanda hicho. Umenisikia? Usikikalie hata ukingoni kamera ikiwa wazi."

Mpiga picha akafunika kamera yake kwa mkono, kwa adabu.

"Pigeni miguu tu," alisema Brylee, aliyekuwa amejitupa kwenye mito na kuanza kula chipsi. "Uso usionekane. Miguu haina pasipoti."

"Nimekusikia, Brylee," ilisema simu. "Miguu ni yake."

"Dunia nzima inajua ni yake, ndiyo maana ya tangazo," alisema Mzee Hruska kwa unyonge, akaketi mchangani.

Hapo ndipo yule aliyekodisha mitumbwi pale ufukweni, ambaye alikuwa anasikiliza kila neno bila aibu, akanyoosha kidole kwenye maji. Ng'ambo ya mkondo kulikuwa na vilima vingine vya kijani, karibu kiasi kwamba ungeweza kuona madirisha yanavyometa.

"Kile pale ni cha Waingereza," alisema. "Feri inakwenda. Hata saa nzima haifiki."

Mzee Hruska alisimama kama kijana. Wakaenda bandarini watatu, yeye na Setou na Brylee, na mzee njia nzima anapanga jinsi ya kupakia godoro kwenye feri. Setou alikuwa akitazama ng'ambo na kumwona mama yake ameshaketi pale, mikono ya buluu mapajani.

Karani wa feri alizipokea pasipoti zao. Ya mzee akaipitia na kumrudishia. Ya Brylee akampa. Ya Setou akaigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaitazama kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

"Mali," akasema.

"Mali."

"Kule wanataka viza kwa pasipoti hii. Ungekuwa na viza hai ya Marekani wangekupitisha. Lakini hii yako, dada, ilishakufa. Imekufa mwaka juzi."

"Niko nchini kihalali. Karatasi zangu za chuo ni—"

"Sijasema hauko kihalali. Kukaa unaruhusiwa. Viza ni ya kuingilia, na ukishaingia inakufa zake kimyakimya. Kule hawaulizi kama unakaa, wanauliza viza. Ukifika na hii watakurudisha na feri hiihii, na nauli hatukurudishii."

Hilo la viza iliyokufa Setou alilijua kuliko karani. Ndilo lililomfanya asikanyage Bamako tangu mwaka wa kwanza, asije akatoka akakosa ya kurudia. Alikuwa kama mtu aliyekaribishwa sebuleni, mwenyeji akafunga mlango na kumeza ufunguo: kaa, kula, cheza, ila usiende uani.

"Nyie wawili mnaweza kwenda," alisema karani, akitaka kuwa mwema.

"Kufanya nini?" aliuliza Brylee. "Kulala?"

Jioni ile walicheza mechi ya kwanza, na Setou alicheza kama anayedai. Kila mpira uliogonga chuma aliutwaa. Akapigwa kiwiko cha jicho, akaanguka, akainuka, akautwaa mwingine. Kocha alikuwa akiruka kwa furaha. "Hicho ndicho ninachotaka! Umepata wapi nguvu hizo?" Mwisho wa mchezo alimwekea barafu jichoni kwa mkono wake mwenyewe. Watu wa televisheni wakamchagua mchezaji bora, wakampa bangili ya kamba na ganda la koa. Aliipokea, akamkumbuka Bi Lorna kule Nebraska, akamwuliza kimoyomoyo kama ganda nalo ni malipo.

Asubuhi, kabla wenzake hawajaamka, alishuka ufukweni. Kitanda kilikuwa palepale, mashuka yamepata umande. Mpiga picha alikuwa amesimama kando na kahawa yake, na Mzee Hruska naye, amevaa kofia ya majani aliyonunua kwa kukata tamaa.

"Sikulazimishi, binti," alisema mzee. "Lakini kitanda kinaondoka leo. Na watu waliopo hapa ni mimi, huyu na kaa wale. Nani atajua?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Si kwamba angejulikana. Huenda asingejulikana kamwe. Dakika moja. Aligusa godoro kwa kiganja, likazama polepole, likarudi. Tangu azaliwe hakuwahi kulala kwenye kitu kilichomwenea. Kwao alikuwa akilala kwenye mkeka, miguu mlangoni, na mama yake akiamka alfajiri kwenda kwenye mapipa humruka. Alihesabu upande huu mama yake, mkono kwa mkono, amevaa kitambaa chake. Upande ule miezi michache iliyobaki, shahada ambayo mama alimwahidia kila mteja wake, na mlango mmoja wa uwanja wa ndege ambako mtu asiyemjua angemwuliza swali na yeye akalazimika kusema uongo, na kila mlango mwingine baada ya hapo, uongo uleule, mpaka anazeeka.

Akakaa. Chini, mchangani, mgongo umeegemea ubavu wa kitanda.

"Siwezi, mzee."

Mzee Hruska akavua kofia. "Nami nilikwishamwambia mke wangu tutampeleka mama yako kula nyama," alisema.

Tangazo lilipigwa, kwa kuwa kitanda kilishavuka bahari na mpiga picha alishalipwa. Alilala Brylee. Alilala katikati ya futi nane za mashuka kama harage moja kwenye sinia, akafungua jicho moja na kusema, "Namngoja mwenzangu." Mzee Hruska, ambaye mfuko wake ulishakaushwa na meli, akamlipa kitanda chenyewe.

Kuingia kisiwani hakukuwa na mlango. Kumbe kutoka upo. Siku ya kurudi wote walipangwa foleni mbele ya maafisa, pasipoti mkononi. Wenzake walipita wakicheka. Setou akasimamishwa. Afisa alikuwa kijana mwenye masharubu yanayojaribu kuota.

"Mwanafunzi?"

"Ndiyo, bwana."

"Ulikuja kufanya nini?"

"Kucheza kikapu."

"Umefanya kazi yoyote ukiwa hapa?"

Setou alimtazama kwa jicho moja, lile jingine bado lilikuwa limevimba. "Nimecheza mechi tatu. Nimeangushwa, nimekanyagwa, nimepigwa kiwiko hiki unachokiona. Wenye uwanja wameuza tikiti, televisheni imeonyesha, kocha wangu ataongezwa mshahara."

"Hiyo si kazi," alisema afisa.

"Ndivyo ninavyoambiwa."

"Mbali na hiyo?"

"Nimelala," alisema Setou. "Bila malipo."

Kijana akamtazama, akatazama karatasi zake za chuo, akaona zimekamilika. "Safari njema," akasema, na hakuelewa kwa nini yule msichana mfupi aliyekuwa akingoja upande wa pili alikuwa amejishika tumbo kwa kicheko.

Brylee aliacha kucheka walipofika kwenye viti. Setou alikuwa anapiga simu.

"Mama. Haikuwezekana."

Kelele za mapipa zikasikika, kisha zikanyamaza. "Wamekataa nini?"

"Wamenikataza kulala."

"Kulala?"

"Kulala kwa malipo."

"Mwanangu, mimi nimelala bure miaka yote hii kumbe kuna nchi wanalipa?" Mama Assa akacheka kile kicheko chake cha kikohozi, na Setou akacheka naye, na vicheko vyote viwili vikaisha pamoja. "Yule tajiri wa magodoro hawezi kuja akupige picha huku?"

"Mama, nikija huko sirudi. Nikimaliza mwezi wa tano nitakuwa huru kulala popote, lakini nani atanitaka? Nitakuwa mtu mrefu tu."

"Si kitu," alisema Mama Assa. Kisha akaongeza: "Nilishachovya kitambaa. Njano na buluu, kama nguo zenu. Kimetoka vizuri."

Kitanda kilifika Kolbrook, kikaingizwa chumbani kwa kuvunja fremu ya mlango. Brylee hakulala juu yake hata siku moja. Bi Lorna aliulizwa, akafikiri sana, akasema kulalia kitanda cha rafiki si kosa mradi hakuna anayepiga picha. Setou akalala miguu ndani. Alilala vizuri, usingizi mzito wa moja kwa moja, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote. Barabarani bango la Mzee Hruska likawa linamtazama kila alipopita na basi: Brylee mdogo, na kando yake nafasi tupu, ndefu.

Brylee alijaribu. Alitaka kuuza jezi, kuuza gari, kuwaomba watu wa kwao wachange. Kila mara Bi Lorna alikuta kitu: hii itasemwa ni malipo ya mlango wa nyuma, ile ina jina la mchezaji ndani yake, nyingine ingoje mwanasheria. Mwanasheria alijibu baada ya kufikiri mpaka Februari, na jibu lake lilikuwa kwamba inategemea.

Usiku wa kuaga ukafika. Nyuma ya pazia wasichana walikuwa wamejipanga na wazazi wao waliovaa jezi za binti zao juu ya sweta. Mwenye kupanga shughuli, bwana mmoja mwembamba mwenye vipokea sauti masikioni, alimjia Setou mbiombio. Daktari wa meno alikuwa nyuma yake, amechana nywele.

"Daktari yuko tayari kukusindikiza."

"Ahsante, daktari. Nitatembea na mama yangu."

Bwana mwembamba akaangaza huku na huku. "Amefika?"

"Mnipe nafasi tu."

"Sawa, lakini upesi. Tuko hewani, matangazo ya biashara yanangoja. Unatoka, unapokea maua, unatabasamu, umekwisha."

Taa zikazimwa. Brylee akatoka na baba na mama yake, wakaenda kasikasi kama familia inayokimbilia basi. Kisha likaitwa jina la mwenzake. Setou Bagayoko, kutoka Bamako, Mali.

Akatoka gizani mkono wa kulia umekunjwa kidogo mbali na mwili, kiwiko kimetolewa nje, kama unavyompa kiwiko mtu mwenye nyonga mbovu. Na akatembea mwendo wa Mama Assa. Huo si mwendo mtu asiyemjua mama yule anaweza kuukisia. Mama Assa akienda sokoni, mahali unapopaona kutoka mlangoni kwake, anaondoka na umande na kufika jua la utosi, kwa kuwa kila hatua ina mtu na kila mtu ana salamu.

Setou akapiga hatua moja, akasimama mbele ya mwamuzi.

"Hujambo?"

Mwamuzi akababaika. "Sijambo."

"Mkeo hajambo? Watoto wazima? Wa nyumba ya jirani?"

Mwamuzi akasema wote wazima. Hatua nyingine, akainama kidogo upande wa kulia kama anayesikiliza, akamsalimia kocha wa wapinzani. Akamwuliza kuhusu mama yake. Kocha wa wapinzani, mama mkali ambaye msimu mzima hakuonyesha meno, akajibu kwamba yuko hospitali lakini anaendelea vizuri, na akashangaa kujisikia amesema. Hatua nyingine, mtunza saa. Hatua nyingine, Mzee Hruska nyuma ya benchi lake, amekwisha kulowa machozi mpaka kolani.

"Wa kwako wazima, mzee? Magodoro hayajambo?"

"Amani tupu!" ilipaza sauti ya Brylee kutoka katikati ya uwanja, mikono mdomoni kama tarumbeta. "Mjibu hivyo, mzee! Amani tupu!"

"Amani tupu," alisema Mzee Hruska. Na mstari wa nyuma yake ukarudia, na mwingine juu yake, kwa lafudhi mbovu ya Nebraska.

Bwana mwembamba alikuwa ameshatoka gizani ameinama, akizungusha kidole hewani: haraka, haraka. Matangazo ya biashara yote ya jioni ile yalikuwa yamerundikana nyuma ya msichana mmoja, na watu wa televisheni hawakuwa na la kufanya. Hakuna sheria inayomkataza mwanafunzi kusalimia. Setou alipomfikia akasimama.

"Tuko hewani," alinong'ona yule bwana.

"Hujambo?"

"Setou, nakuomba."

"Watoto wako hawajambo?"

Yule bwana alimtazama, akaona Setou hatasogea. Mabega yakamshuka. "Hawajambo," akasema. "Mdogo ana jino linamsumbua."

"Pole yake. Daktari yule pale."

Akaendelea, polepole, kiwiko nje. Alipofika katikati mke wa kocha alimpa maua, na Setou akayapokea kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa wa mama yake.